Kidole Kilichokufa Ganzi

Kila nikifika kilomita ya 30 kwa baiskeli, kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa kinaanza kuchomachoma kama kimevamiwa na siafu. Dakika 10 baadaye wayo mzima umekufa ganzi, nakanyaga pedali bila kujua kama kiatu bado kimo mguuni. Mwanzoni nililaumu baridi. Jua likawaka, ganzi ikaja vilevile, tena mapema zaidi.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa navuta kamba za viatu mpaka mwisho, nikiamini mguu usiocheza ndio wenye nguvu. Kumbe mguu huvimba kadiri unavyoendesha, hasa kwenye joto, na kiatu hakivimbi nao. Mishipa ya fahamu inayopita katikati ya mifupa ya mbele ya wayo inabanwa. Na mimi, kwa ubishi wangu, nilikuwa navaa soksi mbili!

Sasa kamba za karibu na vidole nazilegeza mpaka niweze kuvichezesha. Ya juu naibana kiasi. Vile vibati vya chini ya kiatu vinavyonasa kwenye pedali nimevirudisha nyuma milimita 5, uzito usiangukie sehemu moja tu. Mlimani natumia gia nyepesi, nazungusha haraka badala ya kukandamiza.

Jumapili nilikwenda kilomita 70. Kwenye ya 55 ganzi ikabisha hodi. Nikashuka, nikavua viatu, nikatembea peku kwenye nyasi dakika 3, ikaondoka. Ingelala nami hadi asubuhi, ningekwenda kwa daktari. Soksi za ziada siku hizi nafutia mnyororo.