Sauti niiwashe?

Fundi alikuwa ameshapitisha waya chini ya kitambaa cha dari ya gari, akaushusha pembeni ya kioo upande wa abiria na kuuchomeka kwenye fyuzi. Kamera yenyewe nilikuwa nimeinunua Kariakoo siku hiyohiyo kwa laki na ishirini, kitu kidogo cheusi kinachoenea kiganjani. Akaiwasha, akatafuta Kiswahili kwenye orodha ya lugha akakikosa, akachagua Kiingereza, kisha akaniuliza bila kunitazama: "Bosi, sauti niiwashe au niizime?"

Nikamwambia aiwashe. Sikufikiria hata kidogo. Nilikuwa nimelipia kamera yenye maiki, sasa nizime nusu ya nilichonunua kwa sababu gani?

Hiyo ilikuwa Februari 2023. Gari langu ni Toyota IST, nilikuwa nafanya nalo teksi mtandao, na kamera niliinunua kwa sababu ya bodaboda. Anayeendesha Dar es Salaam atanielewa. Ukigusana na mmoja, kabla hujafungua mlango wenzake wameshafika ishirini, wote wameona, na wote wanasema kosa ni lako. Nilitaka shahidi ambaye hatatishika na kelele.

Mwezi uliofuata mama mdogo akaanza mionzi Ocean Road. Jengo lile walilijenga Wajerumani ufukweni miaka ya 1890. Leo ndiko iliko taasisi ya saratani, na barabara inayopita mbele yake ina jina la Barack Obama, lakini sisi bado tunasema Ocean Road. Kwa Mtanzania, ukishasema mtu wako anaenda Ocean Road huna haja ya kuutaja ugonjwa.

Yake ilikuwa ya mlango wa kizazi. Alipangiwa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano. Anakaa Kimara, na kwa hali yake kusimama kwenye mwendokasi kusingewezekana, kwa hiyo nikamwambia nitampeleka mwenyewe. Tulikuwa tunatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Kwenda anakaa mbele, kurudi analala kiti cha nyuma amejifunika khanga.

Aliyejua ni mimi peke yangu. Baba mdogo alishafariki, na binti yao, ambaye mimi namwita mdogo wangu, alikuwa na sendoff Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Yeye aliambiwa mama ana presha. Mama mdogo aliniapisha: sendoff ipite kwanza, ndipo atamwambia mwenyewe.

Humo garini alikuwa ananiambia mambo ambayo sebuleni asingeniambia kamwe. Nadhani barabara ndivyo ilivyo. Hamtazamani, wote mnatazama mbele, maneno yanatoka. Alikuwa ananieleza daktari kasema nini, maumivu yako wapi, usiku anaogopa nini. Mimi naitikia tu: "Ndiyo mama." "Pole mama." Juu ya kioo, ile taa ya kamera inawaka, na mimi nilishaizoea kama ninavyokizoea kioo chenyewe.

Siku ya tukio ilikuwa Jumatano, katikati ya Aprili. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, saa nane mchana ikawa imebaki manyunyu. Tulikuwa Sam Nujoma tunaelekea Ubungo, tunakaribia Mlimani City. Daladala ilikuwa imesimama kushoto inapakia. Bodaboda akachomoka kati yangu na ile daladala, akanikatia mbele. Nikapiga honi, nikakanyaga breki, gari likateleza kidogo kwenye maji, bampa ikagonga tairi lake la nyuma. Akaanguka kwa ubavu, pikipiki ikamlalia mguu.

Nilishuka mbio nikamnyanyulia pikipiki. Kijana mdogo, goti limechubuka, kifundo kimeanza kuvimba. Aliniambia kitu cha kwanza kabisa, "Nisamehe bro, nilikuwa nawahi." Lakini wenzake walikuwa wameshafika, na yeye akanyamaza.

"Alikuwa kwenye simu huyu!" mmoja akapaza sauti. "Nimemwona mimi kwa macho yangu, anaongea na simu!"

Mwingine akaongeza kwamba sikupiga hata honi. Baadaye nilielewa kwamba huyo wa kwanza hakuwa anasema uongo. Aliniona kweli midomo inacheza. Aliona dereva peke yake kwenye gari, anaongea, kwa sababu mama mdogo alikuwa amelala nyuma na khanga yake.

Dereva mwenzangu aliyekuwa anapita akakubali kumfikisha mama nyumbani, maana hata kukaa wima ilikuwa kazi. Kijana wa bodaboda akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, akapelekwa hospitali. Mimi nikaenda kituoni na trafiki, tukafuatana na mwenye pikipiki na mashahidi wawili. Karatasi za bima sikuwa nazo garini. Nilizikumbuka, nikampigia mdogo wangu, kwa sababu kazini kwake si mbali na pale na nakala alikuwa nazo kwenye simu. Hakuna mtu aliyeniambia nimpigie. Nilimpigia mimi.

Alifika amelowa miguu, ameshachapisha zile karatasi, amezitia kwenye mkoba. "Shikamoo afande," akasema, akakaa kwenye benchi karibu na mlango.

Afande alikuwa mtu mtaratibu. Akachora ramani yake ya ajali, akasikiliza upande ule, akasikiliza upande wangu. Nilipomwambia nilikuwa naongea na abiria, sikuwa kwenye simu, akauliza abiria yuko wapi. Nikasema ni mama yangu mdogo, mgonjwa, amekwenda nyumbani. Mwenye pikipiki akacheka. "Afande, si ndugu yake huyo? Atasema nini kingine?"

Hapo ndipo niliposema maneno ambayo nimeyarudia kichwani mara nyingi sana tangu siku ile. "Afande, nina kamera. Ina na sauti. Sikilizeni wenyewe."

Nilifuata kadi ya kumbukumbu ya kamera, ndogo kama ukucha, nikampa. Akaichomeka kwenye kompyuta iliyokuwa mezani.

Kamera hizi hazirekodi video moja ndefu. Zinakata vipande, yangu ilikuwa inakata vya dakika tatu tatu, na kadi ikijaa inafuta vya zamani. Gari likipata mshtuko, kitambuzi chake kinakifunga kile kipande kisifutwe. Lakini kinakifunga chote, tangu mwanzo wake. Mimi niligonga kipande kikiwa kimeshafika dakika mbili na sekunde kadhaa. Nikamwambia afande apeleke mbele. Akasema hapana, anataka kuona mwendo wangu tangu mbali. Alikuwa sahihi, ndiyo kazi yake. Akabonyeza, sauti ikiwa juu.

Kwanza ni wipa. Kisha sauti ya mama mdogo, imechoka lakini kila neno linasikika, kwa sababu maiki iko ndani na gari lilikuwa limefungwa vioo.

"Kasema nimebakiza sita. Sita hizi za nje, halafu ndiyo ile mionzi ya ndani."

"Utamaliza mama."

"Nikimaliza, Mungu ashukuriwe. Nisipomaliza, nataka tu nimwone anatoka nyumbani kwangu amependeza. Wewe usimwambie. Namjua yule. Ukimwambia leo atavunja kamati, atawarudishia watu michango yao, aje akae na mimi Ocean Road."

Kabla ya kuyaweka hapa nilimsomea mama mdogo yote haya. Aliniambia niandike, ila nitoe sentensi mbili. Nimezitoa. Pale kituoni hazikutolewa, na chumba kizima kilizisikia.

Nilinyoosha mkono kupunguza sauti. Afande akasema, "Acha, tunasikiliza." Sidhani alikuwa ameelewa bado. Nikageuka kumtazama mdogo wangu. Alikuwa anafunga mkoba, zipu imefika katikati, vidole vimesimama pale pale. Hakuwa anatazama kompyuta. Alikuwa anaitazama ile zipu.

Ikaja honi. Ndefu, haina ubishi. Breki, mshindo, na mama mdogo akisema "Yesu wangu." Halafu mlango unafunguka, na kwa mbali kijana anasema nisamehe bro.

Afande akasimamisha. "Honi ipo," akasema. "Simu hakuna." Akaandika kitu. Mashahidi hawakusema neno. Mwenye pikipiki, yule aliyecheka, alikuwa amevua kofia. Akamgeukia mdogo wangu akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Pole sana dada."

Pole ile ndiyo iliyonimaliza. Binti amejua kwamba mama yake ana saratani kwa muda usiozidi dakika moja, na wa kwanza kumpa pole ni mwanamume asiyemjua, kwenye benchi la kituo.

Mdogo wangu aliweka zile karatasi mezani, akazinyoosha pembe kwa kiganja, akatoka. Nilimfuata hadi nje. Aliingia kwenye bajaji bila kunigeukia.

Kesi yangu iliishia hapo. Kijana kifundo kilikuwa kimeteguka, hakikuvunjika, nikachangia dawa zake kwa hiari yangu, tukaachana kwa amani. Bila ile sauti sijui ningetokaje, na hilo sitalificha. Picha peke yake isingeonyesha honi. Picha peke yake isingejibu habari ya simu. Kila nilichokihitaji siku ile kilikuwa ndani ya ile sauti, na kila nilichopaswa kukilinda kilikuwa humohumo, sekunde chache kabla.

Usiku mama mdogo akanipigia. Nilitegemea atagomba. Hakugomba. Alikaa kimya kwenye simu mpaka nikadhani imekatika, halafu akasema: "Mwanangu, mimi nilikuwa nazungumza na wewe. Sikuzungumza na gari."

Sikuwa na jibu, na sijalipata.

Asubuhi nilipokwenda kumchukua, mdogo wangu alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, na nguo za kubadilisha za mama ziko miguuni kwake. Kazini aliomba ruhusa. Safari sita zote zilizobaki alikuwepo, na sendoff haikuvunjwa, ingawa waliibishania usiku kucha. Mimi nilikuwa nimeshauchomoa waya wa kamera. Hakuna aliyeniomba.

Nilikaa bila kamera wiki kadhaa, nikiuliza watu. Kijiweni tuligawanyika, na kila upande ulikuwa na sababu yake. Mmoja alisema yeye anabeba abiria usiku, akizushiwa kwamba alimtukana mtu au kumshika, sauti ndiyo wakili wake pekee. Siwezi kumpinga, na kama ni mwanamke anayeendesha usiku ndiyo kabisa. Kaka yangu anayeendesha teksi Seattle aliniambia katika jimbo lao la Washington huwezi kurekodi mazungumzo ya faragha bila ridhaa ya wote wanaozungumza. Wenzake wenye maiki wanabandika tangazo mlangoni, na wanasema kwa mdomo, sauti ikiwa inarekodi, kwamba inarekodi.

Na huku kwetu, tarehe 1 Mei, siku mbili baada ya sendoff, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ikaanza kutumika. Niliisoma yote kwenye simu nikisubiri abiria. Inataka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe, na habari za afya inazihesabu miongoni mwa taarifa nyeti. Katiba nayo, ibara ya 16, ilishasema zamani kwamba mtu ana haki ya kuhifadhiwa maisha yake na mawasiliano yake ya binafsi. Nilisoma mstari huo nikasikia zile wipa.

Nilivyoamua mimi ni hivi. Kamera nimeirudisha, kwa sababu bodaboda bado wapo. Inatazama barabara. Maiki nimeizima, na imebaki imezimwa. Nikiwa na abiria anayenitia wasiwasi usiku, ninamwambia kwa heshima, "Ndugu, hapa nawasha na sauti," nabonyeza mbele yake, na akitaka kushuka anashuka. Nimeshafanya hivyo mara mbili. Najua siku moja nitaihitaji honi na haitakuwepo. Nimekubali.

Julai mama mdogo alikuwa na tarehe ya kurudi kuangaliwa. Mdogo wangu alikuwa safarini na mumewe, kwa hiyo tulikwenda wawili kama zamani, alfajiri, yeye mbele. Alipofunga mkanda aliinua macho akaiona taa.

"Hii nayo imerudi?"

Nikamwonyesha kwenye kioo chake kidogo ile alama ya maiki iliyokatwa na mstari mwekundu. Nikaibonyeza ikawaka bila mstari, nikaibonyeza tena mstari ukarudi, ili aone tofauti. Akaisogelea akaitazama vizuri. Akachomoa miwani kwenye mkoba, akaivaa, akaitazama tena.

Tuliondoka. Hakusema kitu. Tumepita Ubungo chini ya barabara za juu, kimya. Tumepita pale pale Mlimani City, akatazama upande wa pili. Mwenge, Morocco, kimya, mimi nimeshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayejifunza. Tulipofika daraja la Salenda upepo wa bahari ukaingia, akavuta khanga mabegani, akatupa jicho moja la mwisho kwenye ule mstari mwekundu.

"Jana usiku sikulala," akasema, akaanza kuniambia.