Nilivyozitenganisha kanda 37 za njomba

Njomba wangu alikuwa baharia, na kwetu Wamakonde mali ya mjomba inamwangukia mpwa, kwa hiyo alipoacha meli akarudi Mtwara akaniambia kabisa lile sanduku la bati chini ya kitanda ni lako, usisubiri mpaka nife. Ndani kulikuwa na kanda 37 za muziki. Nyingi alirekodi mwenyewe Antwerp, Ubelgiji, kwa rafiki yake mmoja aliyekuwa na santuri nyumba nzima, kati ya 1984 na 1988, na maandishi ya peni yameliwa na joto la huku, zingine zimebaki herufi mbili tatu tu. Nikazisikiliza mwezi mzima zote zikawa kitu kimoja kichwani, vinanda vya baridi, jamaa anaongea badala ya kuimba, biti inagonga. Nilizipenda sana lakini nikawa nataka kila kanda niiandike jina lake halisi, sio zote kuitwa "za Ulaya" kama wanavyoziita pale nyumbani Chikongola.

Nilipokosea mwanzoni ni kuanza na majina ya mitindo ya muziki. Nilimaliza bando nasoma, kila jina linazaa jina lingine, postipanki, koldiwevu, minimali wevu, EBM, nyubiti, nikirudi kwenye kanda sikio halisikii tofauti yoyote. Ikabidi nigeuze. Huku kwetu ngoma ikipigwa usiku upande wa pili wa kijiji, mtu umelala ndani, unajua kama ni sindimba au ni watoto wanatolewa jandoni, hujaona mchezaji wala hujaambiwa, unajua kwa mpigo tu. Nikasema basi nifanye hivyohivyo: kwanza ngoma, halafu besi, halafu sauti ya mtu, jina la mwisho kabisa.

Sasa kabla hata ya ngoma nikagundua redio yenyewe ya kaseti inanidanganya. Nilikuwa natumia programu ya simu ya kutambua nyimbo, nikiiwekea kanda inakaa kimya, haijui kitu. Kanda moja ilikuwa bado inasomeka vizuri New Order, bendi ya Uingereza, ina "Blue Monday" ya 1983, wimbo ambao kwenye simu unakwenda mipigo 130 kwa dakika. Nikahesabu kwa sekunde 30, simu ikanipa 65, redio ikanipa 60. Nikarudia mara nne, ni 60. Fundi redio mmoja karibu na Soko Kuu akaifungua akanionyesha ule mpira mdogo unaozungusha kanda, umevutika umekuwa mlegevu kama mpira wa manati ya zamani, akatoa mwingine kwenye redio mbovu, akaupima kwa kuuvuta na vidole viwili, akauvalisha. Nikahesabu tena palepale mezani kwake: 65. Yaani muda wote ule nilikuwa nasikiliza muziki uliopungua kasi na kushuka sauti, halafu najiuliza kwa nini yote inafanana. Kama una kanda za zamani anza hapo, usianze kwingine kokote. Baada ya hapo simu ikaanza kuzitambua baadhi, kama theluthi hivi, zilizobaki ikawa kazi ya sikio.

Kwenye ngoma swali ni moja tu, ni mtu au ni mashine. Kama ni mtu, gita la besi liko mbele ndo linaongoza wimbo, gita lingine linakwaruza pembeni, hiyo niliiweka postipanki ya Uingereza, ya kama 1978 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 80. Chukua bendi ya Joy Division wa Manchester, Peter Hook anapanda juu kwenye nyuzi mpaka besi ndo inakuwa inaimba. Chukua Public Image Ltd, besi ya Jah Wobble iko chini kabisa, ameitoa kwenye dabu, ile rege ya Jamaika ya besi nzito na mwangwi, kifua kinatetemeka. Ian Curtis, mwimbaji wa Joy Division, alivyofariki Mei 1980 waliobaki Joy Division wakawa New Order, na kwenye "Blue Monday" ngoma tayari ni mashine, Oberheim DMX. Kwa hiyo ukitaka kusikia muziki ukihama kutoka mkono wa mtu kwenda kwenye mashine, sikiliza watu hao hao ndani ya miaka mitatu.

Kama ni mashine nasikiliza besi. Hapa ndo nilikaa sana. Ikiwa besi inatoka kwenye sikwensa, kifaa kinachorudia noti chenyewe, noti fupifupi kavu hazipumziki, inazunguka palepale kama cherehani, na juu yake mtu anatoa amri kama yuko gwaride, hiyo ni EBM, electronic body music, muziki wa mwili. Front 242 wa Ubelgiji ndo walijiita hivyo mwaka 1984, na Nitzer Ebb wa Chelmsford Uingereza ndo mfano ninaompa kila anayeniuliza kwa sababu hawana kitu cha ziada, ni besi, ngoma na kelele za amri basi. Ila DAF, bendi ya Düsseldorf Ujerumani, walinisumbua. Besi yao ni ileile ya sikwensa, "Der Mussolini" ya 1981, nikaitia kwenye EBM, halafu kila nikiisikiliza naona ngoma inapumua, kuna mahali inavuta kidogo. Kumbe Robert Görl anapiga ngoma kwa mikono yake juu ya mashine. Tangu siku hiyo DAF nawaweka peke yao, wao ndo daraja, walitangulia, wengine wakapita juu yao.

Koldiwevu na minimali wevu ndo watu wanagombana zaidi, na mimi nina kipimo changu. Nalitoa gita kichwani halafu najiuliza wimbo bado umesimama? Ukianguka ni koldiwevu, ya Wafaransa wengi, Trisomie 21, Asylum Party, besi imepitishwa kwenye kifaa cha korasi inayumba kama maji, sauti ya mtu iko mbali kama anaimbia ndani ya kisima kikavu. Ukisimama, maana kulikuwa hakuna gita tangu mwanzo, ni sintesaiza, yaani kinanda cha umeme, moja mbili na kimashine cha ngoma cha bei rahisi, mfano Boss DR-55 ambayo ina sauti 4 tu, na kati ya sauti na sauti kuna uwazi unausikia kabisa, hiyo ni minimali wevu. Na ujue hilo jina limekuja baadaye, limeshika baada ya Veronica Vasicka kuanzisha kampuni yake ya Minimal Wave New York mwaka 2005, akawa anatoa upya vitu ambavyo watu walirekodi vyumbani mwao miaka ya 80. Kwa hiyo njomba nilivyomuuliza akaniambia mpwa, hilo jina sijawahi kulisikia, na alikuwa sahihi. Jina lingine la mitindo hii, dakiwevu, sijalitumia hata mara moja, naona watu wanatupia humo kila kitu chenye huzuni.

Kuna kanda moja nilikuta njomba ameandika "Crammed" kwa herufi kubwa, ndani ni Minimal Compact, bendi ya watu waliotoka Tel Aviv wakahamia Ulaya. Nikafuatilia hiyo Crammed Discs, ni kampuni ya Brussels, ipo tangu mwanzo wa miaka ya 80, na mwaka 2012 hao hao ndo walitoa albamu ya Jagwa Music, mchiriku wa Dar, kinanda cha Casio kwenye spika zinazokoroma! Nilifurahi jamani, nikampigia njomba saa nne usiku. Mchiriku na zile kanda kumbe vinakaa rafu moja, na ukivisikiliza pamoja unaelewa kwa nini, ni watu wenye kinanda kidogo wanakilazimisha kitoe kila kilichomo.

Kanda ya mwisho ilikuwa na "Flesh" ya A Split-Second, bendi ya Ubelgiji. Redio ikiwa bado mbovu niliiandika nyubiti, kwa sababu ilikuwa nzito, inaburuta. Mpira mpya ulivyowekwa ikachangamka, simu ikaitambua, besi ya sikwensa ile ile, nikafuta nikaandika EBM. Nikamwekea njomba asikie, amekaa kwenye kiti chake barazani, akatikisa kichwa. Akasema hapana mpwa, disko kule hawakuicheza hivyo, walikuwa wanaicheza polepole, watu wanainuka kwa pamoja taratibu. Na ndivyo ilivyokuwa, nyubiti ya Ubelgiji ilianza kwa madijei kuchukua santuri hii hii ya mizunguko 45 kwa dakika wakaicheza kwa 33 halafu wakapandisha pichi, yaani kidhibiti cha kasi, mpaka mwisho, asilimia 8, hapo sahani inazunguka 36 kwa dakika, wimbo wa mipigo 125 unashuka 100.

Nikachukua peni nikaandika yote mawili. Upande A, EBM. Chini yake, kwa maelekezo ya njomba, nyubiti, 33.