Sailensi iliyogoma kushuka

Kwa karibu miezi mitatu gari langu lilikuwa linaniamsha mimi na kila aliyelala karibu. Nikipiga starti asubuhi, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda moja kwa moja hadi 2,200 na kung'ang'ania hapo, injini inavuma kama dereva kasahau mguu kwenye mafuta. Ni gari la juu, la petroli, silinda 4, otomatiki, la zamani kiasi kwamba throto yake, yaani mlango unaoingizia injini hewa, bado inavutwa kwa kebo. Ukiliweka D likiwa linazunguka hivyo, linaruka mbele kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Nikazoea kukanyaga breki kwa mguu mzima kabla hata ya kushika gia, na sikumwachia mtu mwingine aliendeshe.

Kupanda kidogo asubuhi si ugonjwa. Injini ikiwa ya baridi petroli haigeuki mvuke vizuri, oili ni nzito, na masega kwenye ekzosi hayaanzi kusafisha moshi mpaka yapate joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi. Kompyuta ya gari inalijua hilo, kwa hiyo inaongeza hewa na mafuta kwa makusudi. Magari mengi huzunguka 1,200 hadi 1,500, kisha mshale unashuka taratibu kadiri maji ya kupoza injini yanavyopata moto, mpaka sailensi ya kawaida, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ya 650 hadi 800. Langu lilikuwa halishuki. Dakika nane, tisa, bado liko 1,800. Hata nikitoka safari ndefu, nikalizima dakika tano na kuliwasha tena, lilianza upya kama limelala nje usiku kucha. Jibu lilikuwa limekaa hapohapo, ila mimi sikulisikia.

Fundi wa kwanza alifungua boneti, akasikiliza sekunde kumi, akasema, "Bosi, hii ni throto tu, imejaa masizi."

Kweli ilikuwa chafu. Akaisugua ikang'aa kama sarafu mpya. Tukawasha. 2,400. Tukatazamana.

Nilikuja kuelewa baadaye. Masizi yanapojijenga polepole kwenye throto yanaziba njia ya hewa, na kompyuta inajifunza kufidia kwa kufungua zaidi kile kivali kinachopitisha hewa ya sailensi. Ukiyatoa masizi kwa mkupuo mmoja, fidia ya zamani inabaki kwenye kumbukumbu na hewa inazidi. Tulichomoa waya wa betri, tukasubiri, tukaurudisha, tukaliacha gari lizunguke bila AC wala taa mpaka likapata moto. Likarudi 2,200, yaani pale tulipoanzia. Fundi akashauri ninunue kivali kipya. Mwenzake aliyekuwa amesimama pembeni akasema hakuna haja, tulegeze tu ile skrubu ndogo inayozuia throto isifunge kabisa. Nikakataa yote mawili. Ile skrubu imewekwa kiwandani, na ukiichezea unakuwa na magonjwa mawili badala ya moja.

Nikanunua skana ndogo, ile ya kuchomeka chini ya usukani inayozungumza na simu. Taa ya injini ilikuwa haijawaka, lakini ndani kulikuwa na kodi moja, namba ya hitilafu, iliyokuwa bado inasubiri kuthibitishwa: P0507. Maana yake, sailensi iko juu kuliko inavyotakiwa. Asante sana.

Kodi haikunisaidia, ila namba za moja kwa moja zilinisaidia. Kuna mistari miwili inayoonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta kwa asilimia ngapi kutoka kwenye hesabu yake ya msingi, mmoja wa muda mfupi na mwingine wa muda mrefu. Nikaijumlisha: kwenye sailensi, +16. Nikikanyaga hadi 2,500 na kushikilia, inashuka hadi +3. Tofauti hiyo inasema mengi. Kama pampu ya mafuta ingekuwa dhaifu, upungufu ungezidi pale injini inapohitaji mafuta mengi. Huu ulikuwa unazidi injini ikiwa imetulia, maana yake kuna hewa ya wizi inayoingia bila kupimwa na sensa ya hewa. Tundu ni lilelile saa zote. Injini ikivuta kidogo, mwizi anachukua fungu kubwa, ikivuta nyingi hata haonekani.

Wengi hutafuta tundu la namna hiyo kwa kupuliza kabureta klina huku injini inaunguruma. Inafanya kazi, lakini ni kumwaga kitu kinachowaka juu ya ekzosi yenye moto, na mimi nyusi zangu nazipenda. Nilichukua koleo, nikazungushia kitambaa midomo yake nisichane mipira, nikaanza kubana mpira mmoja mmoja. Nilibana ule mnene unaokwenda kwenye busta ya breki, hakuna kitu. Wa kwenye kanista ya mvuke wa petroli, hakuna kitu. Nikafika kwenye ule unaotoka vali ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini, unaopita chini ya manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) ambako mkono hauingii bila kuchubuka. Nilipoubana, sauti ya injini ikazama ghafla, mshale ukaanguka zaidi ya 400. Niliuchomoa. Ukiutazama umelala, mzima kabisa. Ukiukunja, mpasuko unafunguka upande wa chini kama mdomo wa samaki.

Mpira mpya, klipu mpya. Asubuhi iliyofuata: 1,700. Bado juu, bado unachelewa kushuka, lakini zile kelele zilikuwa zimeisha na mimi nilikuwa nimechoka. Nikapima tena mafuta: kutoka +16 kumekuja -6. Nikajiambia chini ya 10 si neno, nikafunga simu. Sasa kompyuta ilikuwa inapunguza mafuta badala ya kuongeza, na mtu makini angejiuliza nani anayamwaga hayo ya ziada. Sikujiuliza.

Nilichokuja kugundua wiki kadhaa baadaye kilitokea barabarani, si kwenye maegesho. Nilikuwa nimekaa kwenye mwendo mmoja, barabara tambarare, nikaona mshale uko 3,000 mahali ambapo miaka yote ulikuwa 2,500. Gia ya mwisho ilikuwa haiingii. Nikaanza kuogopa giaboksi, na anayemiliki otomatiki ya zamani anaijua hofu hiyo. Nikaegesha, nikafungua simu nitazame kama kuna kodi ya giaboksi. Hamna. Lakini jicho likaangukia mstari ambao nilikuwa nimeupita mara zote nikikimbilia hesabu za mafuta: joto la maji, nyuzi 47.

Nilikuwa nimeendesha kwa dakika arobaini. Mshale wa joto kwenye dashibodi umekaa katikati kama kawaida.

Hapo mambo mengi yaliingia mahali pake. Otomatiki nyingi haziruhusu gia ya juu mpaka injini ipate moto. Kompyuta inayoamini maji yana nyuzi 47 inaendelea kuongeza mafuta kwenye hesabu yake ya msingi, kisha inalazimika kuyapunguza, ndiyo ile -6. Na inaendelea kushikilia sailensi juu. Haikuwa imekosea, ilikuwa inafanya kazi yake vizuri sana kwa taarifa ya uongo.

Ila hata hapo nilijikwaa. Nikasema thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, imekwama wazi, maji yanapita kwenye rejeta muda wote na injini haipati moto. Nikamwaga kulanti, yaani hayo maji ya rejeta, nikafunga thamostati mpya, nikajaza, nikatoa hewa, nikaendesha. 47. Nikaichukua ile ya zamani, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, nikawasha moto. Ilipofika nyuzi 82 ikaanza kufunguka, taratibu, bila kasoro. Nilikuwa nimebadilisha kitu kizima. Na ningejua bila kufungua nati hata moja, maana mpira wa juu wa rejeta ulikuwa haushikiki kwa moto, na hita ilikuwa inapuliza hewa ya kuunguza.

Kilichonichanganya ni ule mshale wa dashibodi. Kwenye magari mengi ya umri huo sensa za joto ni mbili: moja yenye waya mmoja, kazi yake kusogeza mshale tu, na nyingine yenye waya mbili inayoongea na kompyuta. Nilikuwa na mashahidi wawili na mimi nikadhani ni mmoja. Bahati yangu feni ya gari hili inazungushwa na mkanda. Ingekuwa ya umeme inayosubiri amri ya kompyuta, isingewaka, na ningekuwa nasimulia habari ya gasketi ya silinda hedi iliyoungua kwa joto.

Nikachomoa soketi ya sensa ya pili na kuipima sensa yenyewe kwa multimeta. Ndani ni kitu rahisi: ikiwa ya baridi ukinzani unapanda, ikipata moto unashuka. Asubuhi, hewa ikiwa karibu nyuzi 20, ilisoma ohmu 2,450. Injini ikiwa ya moto, kama 320. Ni sawa na inavyotakiwa. Sensa nzima. Kama ningeibadilisha, ningekuwa na sensa mpya na thamostati mpya na ugonjwa uleule.

Basi nikachukua kipande cha waya, nikaunganisha zile pini mbili ndani ya soketi, yaani nikaifanya kompyuta ione ukinzani sifuri. Skana ilipaswa kurukia joto la kutisha, zaidi ya 120. Ikapanda hadi 60, ikasimama.

Nilikaa nikiitazama hiyo 60 kwa muda. Waya ule hauna ukinzani wowote, lakini kompyuta bado inaona ohmu kama 600. Hizo 600 haziko kwenye sensa. Ziko njiani.

Nikarudisha sensa, nikawasha injini, nikaegemeza simu kwenye kioo cha mbele niione nikiwa nimeinama, nikaanza kukunja waya kidogo kidogo kuanzia mbali. Hakuna kitu, hakuna kitu. Nilipofika kwenye shingo ya soketi, pale waya unapoingia ndani ya mpira wa kuzuia maji, 47 ikawa 81. Nikaachia: 47. Nikakunja tena: 81, na papo hapo injini ikashusha pumzi, mshale ukateremka hadi 750 mbele ya macho yangu. Nilifanya hivyo mara tano au sita zaidi ya ilivyohitajika.

Nilipotoa pini kwa bisibisi nyembamba, ilikuwa na unga wa kijani pale inapobana waya. Nyuzi za shaba zilikuwa zimebaki tatu nne, nyingine zimegeuka vumbi. Nje huoni kitu, plastiki safi, mpira uko mahali pake. Na unga huo ni mjanja: injini ikiwa ya baridi, ohmu 600 juu ya 2,450 zinaharibu hesabu kwa nyuzi tano tu, lakini ikiwa ya moto, 600 juu ya 320 ni uongo mkubwa. Taa nayo haikuwa na sababu ya kuwaka. Waya ungekatika kabisa, magari mengi yangesoma nyuzi 40 chini ya sifuri na kutoa kodi P0118. Nyuzi 47 ni joto linalowezekana, kwa hiyo kompyuta ilikubali.

Maji yaliingiaje? Ni mimi. Nilikuwa na tabia ya kuosha injini kwa mashine ya presha, na soketi ile iko mbele kabisa, nikiipiga uso kwa uso.

Nilikata waya mpaka nikafika kwenye shaba nyekundu safi, nikafunga pini mpya, nikaupaka mpira grisi ya silikoni, nikafuta kumbukumbu ya kompyuta. Asubuhi: 1,400, baada ya dakika moja na nusu 1,000, kisha 720. Mafuta yako kati ya -1 na +2. Gia ya mwisho inaingia bila kuombwa, na nikiweka D gari linasubiri nilitoe breki.

Sasa kwa kuwa sailensi imetulia nasikia kitu kingine kilichokuwa kimefunikwa na kelele: kapi ya mkanda, upande wa abiria, inalia kama panya kila injini ikiwa ya baridi.