Doti moja ya kanga yatosha kubomoa nyumba

Hadithi fupi nyingi za mapenzi yanayogeuka maangamizi hufia ukurasa wa mwisho. Mume alikuwa mpole tangu mwanzo, ghafla ameshika kisu. Msomaji haogopi, anashangaa tu, maana hakuna alichokiona kikikua. Kwa maneno 2,000 huwezi kumgeuza mtu tabia. Unachoweza ni kulionyesha tendo moja la huba mara tatu, tendo likabaki lile lile, yakabadilika yanayolizunguka.

Chukua doti ya kanga yenye jina "Japo sipati tamaa sikati". Kijana muuza duka Darajani, Unguja, anampelekea binti wa Wete, Pemba. Doti ni vipande viwili vya pindo moja na jina moja, vimeshikana mpaka mtu avikate. Binti anaikata, anapinda, anabaki na kimoja, cha pili anamrejeshea kwa mkono wa mdogo wake: kaa nacho mpaka tuoane. Hapa jina ni ubembelezi, na msomaji lazima alipende. Yape maneno 800 mapenzi haya, wala usiyaonee choyo. Waandishi wengi huyapa mistari miwili wakimbilie vipigo, kisha wanalalamika kuwa msomaji anauliza, "Kwa nini asiondoke?" Anauliza kwa sababu hakuonyeshwa kilichomweka.

Mara ya pili wameoana, wanakaa Michenzani. Mume anatoa kipande chake, anakitundika dirishani. "Jua linakuunguza, mke wangu." Ni kweli, jua la alasiri ni kali. Uso wa kanga ameuelekeza njiani, kwa hiyo mke aliye ndani analisoma jina kinyumenyume, herufi zimegeuka, mwanga unapenya. Usiandike kuwa ameingiwa na hofu. Andika kwamba alipotaka kumwita muuza samaki ilimbidi afunue pembe kwa kidole, na jioni mume akauliza pembe ile imekunjwa na nani.

Jirani naye asikose. Huku kwetu kuta zinagusana na baraza ina masikio, haiwezekani mambo haya yasijulikane. Kosa ni kumfanya jirani shahidi wa ubaya. Mfanye asifu: "Shoga, umebahatika, mumeo anakupenda mpaka jua analionea wivu." Sifa hiyo inamfunga mke kuliko kitasa, kwani akilalamika ataonekana hana shukurani.

Halafu vitenzi. Kiswahili kinatupa ngazi nzima: humngoja, humpitia, humlinda, humchunga, humvizia. Mwandishi mchanga humpandisha mume ngazi zote kwa sauti ya msimulizi, akaharibu. Mume mwenyewe abaki kwenye "namngoja" tangu mwanzo hadi mwisho, maana ndivyo anavyoamini. "Anamvizia" litoke mara moja tu, kinywani mwa mtoto anayecheza uani, asiyejua uzito wa neno. Hu- ya mazoea ndiyo itakayobeba mapenzi yote haya. Ukiiacha ukaanza kukimbiza -ka-, akaja, akapiga, akaua, umeshatoka kwenye mapenzi, umeingia kwenye taarifa ya polisi.

Kabla ya mara ya tatu, mke akiwa ameachana na mume na kurudi kwao, hesabu talaka. Hapa ndipo hadithi zetu zinapovuja, na msomaji wa Unguja au Pemba hasamehe. Akiwa ametoa talaka moja au mbili na eda haijesha, mume ana haki ya kumrejea mkewe, na kumfuata kwao kutaonekana ni kutaka suluhu. Kitisho kimekwisha. Lakini mke akijivua kwa khului, akarudisha mahari, mlango huo umefungwa: hakuna kurejea mpaka yeye mwenyewe akubali nikaha mpya. Tendo lile lile, hukumu mbili. Basi chagua khului, uiseme kwa sentensi moja, bila ya darsa.

Uganga uuache nje kabisa. Ukileta limbwata umempa mume udhuru, na uzito wote wa mapenzi yake umehamia kwenye kichupa.

Mara ya tatu ni Wete, alfajiri. Usimlete mume. Hakuna viatu mlangoni wala kivuli migombani. Kuna kamba ya kuanikia uani kwa mama, na juu yake kanga moja imetandazwa vizuri, imenyooshwa pindo kwa pindo, kama anavyoanika mtu anayejali nguo. Ina umande, kwa hiyo imelala nje. Mama anaianua, anaikunja, anaingia nayo ndani.

"Mwanangu, mbona umeacha nguo yako nje usiku kucha?"

Binti anafungua sanduku. Kipande chake kipo, kimekunjwa chini ya nguo za Idi, na pindo alilolipinda kwa mkono wake.

Katia hapo. Usimjibishe mama.