Nilivyopita mafunzo ya ubingwa bobezi wa homoni na kisukari

Madaktari wadogo wanaotaka kubobea kwenye homoni na kisukari huniuliza kwanza habari za mitihani. Mitihani inapitika. Kilichonitoa jasho ni kujifunza kulitilia shaka jibu la maabara mpaka niwe nimemwona na kumshika mgonjwa mwenyewe, na hilo halina kitabu.

Muundo wenyewe hauna siri. Unamaliza ubingwa wa magonjwa ya ndani, au wa watoto kama ndiko unakotaka kubaki, kisha unaongeza miaka ya kubobea. Marekani ni miaka mitatu ya magonjwa ya ndani na miwili ya homoni. Uingereza njia ni ndefu zaidi kwa sababu homoni husomwa sambamba na magonjwa ya ndani kwa jumla. Nilipokuwa nikitafuta nafasi niliwafuata waliokuwa katikati ya mafunzo, maana mkuu wa programu atakusifia programu yake, atafanyaje? Niliwauliza nani hukaa nao kliniki, kama wanaweza kuingia maabara wakaongea na wataalamu wa kule, na kama mgonjwa wa leo watakutana naye tena baada ya miezi mitatu. Hilo la mwisho ndilo lililoniamulia. Kisukari ni ugonjwa wa kuishi nao miaka na miaka. Ukimwona mtu mara moja ukamwandikia dawa, hutajua kamwe kama ulimsaidia.

Miezi ya mwanzo ilikuwa sukari tupu. Mimi nilikuja na hamu ya uvimbe wa pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo inayoziongoza tezi nyingine, lakini simu zikawa za wodi ya upasuaji, wodi ya wazazi na wodi ya mifupa: sukari imepanda, sukari imeshuka, njoo. Nilinung'unika sana. Baadaye nikaona faida yake. Mgonjwa anayemeza prednisoloni (dawa ya steroidi) asubuhi, sukari yake hupanda mchana na jioni, halafu hushuka kuelekea alfajiri. Ukiliona jibu la jioni ukakimbilia kumwongezea insulini ya usiku, utamshusha akiwa usingizini. Nilikuwa nimeyasoma hayo zamani. Yaliniingia nilipoanza kuamshwa alfajiri.

Na simu za usiku ndizo hasa zilizonikomaza. Anaingia kijana mwenye ketoasidosisi, yaani damu imejaa asidi kwa kukosa insulini, anapumua kwa nguvu, amekauka, na daktari wa zamu tayari ameshika insulini. Swali langu la kwanza likawa lile lile kila mara: potasiamu ngapi? Insulini huisukuma potasiamu iingie ndani ya seli. Ikiwa kwenye damu iko chini ya milimoli 3.5 kwa lita, dawa hiyo hiyo ya kumwokoa inaweza kuuvuruga moyo wake. Kwa hiyo dripu inatangulia, potasiamu inarudishwa, ndipo insulini inaanza kwa yuniti 0.1 kwa kila kilo kwa saa. Kusubiri huku ndugu wamesimama mlangoni wanauliza mbona sindano haichomwi, hilo nalo ni la kujifunza.

Asubuhi za kliniki niliomba kukaa na muuguzi mwelimishaji wa kisukari. Haikuwa kwenye ratiba, na wenzangu wengine waliona napoteza muda. Siku moja aliletwa mzee ambaye HbA1c yake, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, ilikuwa imepita asilimia 11, na kila daktari aliyemwona kabla yetu alikuwa amempandishia dozi. Sista hakufungua faili. "Baba, hebu tuonyeshe unapojichomea." Mzee akapandisha shati. Kwa macho hukuona kitu. "Pitisha vidole, Dokta, usitazame tu." Nikapitisha: kando ya kitovu, kulia na kushoto, kulikuwa na manundu laini ya mafuta, makubwa kuliko nilivyotarajia. Mzee akaeleza bila wasiwasi kwamba huchoma hapo kwa sababu hapaumi. Ni kweli hapaumi, na ndiyo maana watu hurudi papo hapo. Ila insulini ikiingia kwenye nundu husharabiwa kwa kubahatisha, leo kidogo, kesho nyingi. Sista akamhamishia pajani, kisha akanigeukia nipunguze dozi. Nisingelifikiria hilo mwenyewe upesi hivyo: ngozi nzima hunyonya dawa sawasawa, na dozi iliyopandishwa kwa ajili ya nundu ingemwangusha. Akamwambia pia ahesabu mpaka kumi kabla ya kuchomoa kalamu ya insulini.

Baada ya hapo nilijichoma maji ya chumvi kwa siku kadhaa na kuvaa kihisi cha sukari mkononi. Nawashauri wote wafanye hivyo. Utaacha kumwambia mgonjwa "ni kasindano tu".

Upande wa maabara nilikuwa na daftari la majibu yasiyolingana na mgonjwa. Mwenye selimundu alikuwa na HbA1c nzuri ajabu huku kipimo chake cha kidole kikisoma juu kila siku. Chembe nyekundu zikiishi muda mfupi kuliko zile siku 120 za kawaida, hazipati muda wa kukusanya sukari, na kipimo kinadanganya. Mama mmoja alikuwa na majibu ya thairoidi (tezi ya shingoni) iliyozidi kufanya kazi, lakini mikono haikutetemeka na mapigo yalikuwa 70. Mtaalamu wa maabara ndiye aliyeniuliza kama anameza vidonge vya nywele. Alikuwa anavimeza, vyenye biotini nyingi, aina ya vitamini, nayo huingilia baadhi ya mashine za vipimo hivyo. Alipoviacha kwa siku chache, majibu yakarudi kawaida, na dawa ya thairoidi haikuandikwa.

Kuvuta seli kwenye uvimbe wa shingo kwa sindano nyembamba chini ya ultrasaundi ni mazoezi ya mkono, utazoea.

Ile pituitari niliyoitamani ilikuja hatimaye, na ilikuja kimya: mgonjwa mchovu, thairoksini yake, yaani homoni ya thairoidi, iko chini, na TSH, homoni ya pituitari inayoiamrisha thairoidi, haijapanda inavyopaswa. Wodi walitaka kumwanzishia vidonge vya thairoksini jioni ile ile. Niliomba kwanza kipimo cha asubuhi cha kortisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa. Thairoksini huharakisha kumalizika kwa kortisoli mwilini, na asiye na akiba ya kutosha anaweza kuzimia kwa kidonge kinachoonekana hakina madhara. Kortisoli ilikuwa chini kabisa. Akaanza haidrokotisoni, yaani kortisoli ya dawa, thairoksini ikafuata baadaye.

Kwa mitihani, mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa tunasimuliana mgonjwa mmoja kila wiki bila karatasi mkononi, na msikilizaji ana ruhusa ya kukatiza: kwa nini kipimo hiki, ungefanya nini kama jibu lingekuwa kinyume? Miongozo tulisoma, ila hubadilika. Fiziolojia, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi, ilitufaa zaidi.

Anayeandaa maombi sasa, aombe kwanza kuhudhuria kliniki ya miguu. Apime hisia za nyayo kwa uzi wa gramu 10, asaidie kukwangua sugu na kusafisha vidonda, kisha amuulize mgonjwa viatu vyake vilinunuliwa lini na vinambana wapi. Barua ya maombi aiandike baada ya hapo.