Jeshi la mezani ndani ya valizi: Lubumbashi, maduka ya michezo ya Bulaya, na kurudi

Mwana L'shi (Lubumbashi, Kongo) anayeishi Liège, Brussels au Nottingham na aliyeingia katika mchezo wa vita vya visanamu hukutana na swali lilelile kila likizo: jeshi libaki au lisafiri? Naona lisafiri, ila si lote, na liwe limeandaliwa kwa safari. Visanamu vingi havivunjiki mezani. Huvunjika njiani, kati ya uwanja wa ndege wa Luano na sebule ya mtaa wa Katuba, vikigongana ndani ya sponji.

Anza na ukubwa. Katika Warhammer 40,000, mchezo wa visanamu ninaouzungumzia hapa, pambano la kawaida ni la pointi 2000, yaani jumla ya thamani za askari wote wa upande mmoja, juu ya meza ya inchi 60 kwa 44, yaani sentimita 152 kwa 112. Jeshi la Orks la pointi hizo linaweza kupita visanamu 100. La Adeptus Custodes mara nyingi halifiki 40. Mashirika mengi ya ndege huruhusu mkoba wa mkononi wa kilo 7, na sanduku lenye bati ndani la kushika sumaku hula uzito haraka, kwa hiyo jeshi la askari wachache wenye nguvu ndilo la msafiri. Nafuu zaidi ni Combat Patrol, pambano dogo la mchezo huohuo: sanduku moja, kanuni zake tayari, hakuna kupanga orodha ya pointi, meza ya sentimita 112 kwa 76, na mchezo huisha kwa saa moja na nusu hivi. Mgeni asiyejua atakutana na nani abebe hilo.

Sasa sumaku, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Sponji iliyokatwa vishimo huvunja mikuki na antena kila unapochomoa kisanamu. Afadhali kila kisanamu kiwe na sumaku chini ya kitako chake, yaani kile kibapa kinachokisimamisha, na kisimame juu ya bati ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko. Kwa kitako cha milimita 25 au 32, sumaku moja ya neodimi ya milimita 5 kwa 2 inatosha. Kwa cha milimita 40 tia mbili. Kwa vitako vikubwa vya mashine tia nne, pembeni na siyo katikati. Kosa la kawaida ni kubandika sumaku juu kabisa ndani ya uvungu wa kitako. Hapo inabaki imeinuka milimita moja au mbili kutoka kwenye bati, na nguvu ya sumaku hushuka vibaya hata kwa nafasi ndogo hivyo. Fanya hivi: tandika juu ya bati karatasi nyembamba ya plastiki ya kufungia chakula, weka sumaku juu yake, jaza uvungu wa kitako kwa gundi ya epoksi ya mirija miwili, kisha kikalishe juu ya sumaku na ukiache mpaka kesho. Kikikauka, ng'oa plastiki: sumaku iko sawasawa na ukingo wa kitako. Gundi ya haraka peke yake hukatika ikipata mshtuko. Ukilazimika kuitumia, kwaruza kwanza plastiki na sumaku kwa msasa.

Bati lenyewe si lazima lipandishwe ndege. Fundi bati yeyote wa mitaa ya Kenya au Kamalondo hapo L'shi ana vipande bapa vya mabati ya paa. Nenda na sumaku mfukoni ujaribu kabla ya kulipa, kwa sababu mabati mengine ni alumini, nayo haishikwi. Inoksi (chuma kisichoshika kutu) nyingi pia hazishikwi. Piga kingo tupa, libandike chini ya sanduku kwa epoksi, panga jeshi, funga, kisha geuza sanduku juu chini na ulitikise. Kisanamu kilichoanguka nyumbani kingeanguka pia Addis Ababa, unapobadilisha ndege.

Kwenye uwanja wa ndege, rangi za kopo la kupuliza haziruhusiwi, iwe mkononi au kwenye mzigo wa chini, kwa sababu gesi yake hushika moto. Gundi ya kuyeyusha plastiki nayo ibaki, kwa sababu hiyohiyo. Rangi za akriliki za maji hazina shida: vikopo vya mililita 12 au 18 vinaingia katika mfuko wa lita moja wa vimiminika. Vifungue kidogo na kuvifunga tena kabla ya safari, vizungushie utepe, uvisimamishe wima, la sivyo mabadiliko ya mgandamizo wa hewa yatasukuma rangi nje. Kisu cha kuchongea na koleo la kukatia viende mzigo wa chini.

Halafu kuna maneno. Ofisa wa ukaguzi akiuliza kuna nini, usijibu jeshi, vita wala silaha, hata kwa utani. Sema ni visanamu vya plastiki vya mchezo, fungua kifuniko aone vyote kwa mara moja, na uwe na picha ya visanamu hivyo vikiwa mezani kwenye simu. Masanduku mapya yenye plastiki ya dukani huonekana kama bidhaa za kuuza, hivyo weka risiti karibu. Jeshi lililounganishwa na kupakwa rangi huonekana ni mali yako.

Bulaya, yaani Ulaya, kuna nyumba za kuchezea za aina tatu. Duka la kampuni yenyewe inayotengeneza mchezo, lenye jina la Warhammer mlangoni, mara nyingi ni dogo, lina muuzaji mmoja, na hufungwa siku moja au mbili za juma. Humo utacheza na visanamu vya kampuni hiyo tu. Usiingie na askari wa chapa nyingine au wa mashine ya kuchapisha 3D. Duka huru lina meza nyingi na halibagui sana chapa, ila Ijumaa jioni epuka: ni usiku wa wachezaji wa karata za Magic na meza zote zimejaa. Mengine hutoza meza, mengine hutegemea ununue kitu. Nunua hata kikopo kimoja cha rangi, kwani meza hiyo ina kodi. Aina ya tatu ni klabu inayokutana jioni moja kwa juma katika ukumbi wa mtaa, na kwa mgeni mimi naiona bora kuliko zote, kwa sababu watu hawaangalii saa ya kufunga duka. Atakayefika Nottingham aende Warhammer World, makao ya Games Workshop, kampuni hiyohiyo, lakini apange meza kabla ya siku yenyewe.

Andika ujumbe juma moja kabla. Taja mchezo, toleo la kanuni, pointi, kama jeshi limepakwa rangi, na lugha unayocheza. Toleo ni muhimu: la 8 lilitoka 2017, la 9 mwaka 2020, la 10 mwaka 2023, na thamani za pointi hubadilishwa mara kadhaa kwa mwaka. Orodha uliyoipanga L'shi miezi sita iliyopita huenda imepita pointi 2000 bila wewe kugusa kitu. Uliza pia saa ya kufunga, maana pambano la pointi 2000 kati ya watu wasiojuana huchukua saa tatu hadi nne. Ukianza saa kumi alasiri katika duka linalofungwa saa kumi na mbili, mtaacha katikati.

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuna faida Ubelgiji na Ufaransa, lakini Nottingham au Johannesburg karatasi ya takwimu za askari inabadilika. E ya ukakamavu inakuwa T, PV za uhai zinakuwa W, na CO ya kushika malengo inakuwa OC. Ziandike pembeni ya karatasi yako. Chukua mita ya inchi, kwa sababu kanuni zote zinapima kwa inchi hata kwenye vitabu vya Kifaransa, na mita nyingi za mafundi wetu zina sentimita tu. Mezani, usiguse kisanamu cha mwenzako bila kuomba. Sema nia yako kabla ya kusogeza: “huyu anabaki nje ya macho ya kifaru chako, unakubali?” Hilo huzuia ugomvi mwingi kuliko kanuni yoyote.

Kurudi L'shi, hakuna haja ya kusubiri duka lifunguliwe. Tripleksi (plaiwudi) moja ya kawaida, sentimita 244 kwa 122, inatoa meza mbili. Ikate kwenye sentimita 152, punguza upana hadi 112: hiyo ni meza ya pointi 2000. Kipande kilichobaki kina sentimita 92 kwa 122, kipunguze hadi 76 kwa 112, na hiyo ni ya Combat Patrol. Unene wa milimita 9 hautapinda ukikaa juu ya meza ya kulia. Usitandike kitenge chenye maua, macho huchoka. Kitambaa cha rangi moja kinafaa.

Majengo yafanye kwa frigoliti, lile povu jeupe gumu la masanduku ya friji na televisheni. Unahitaji vipande 8 hadi 12, na angalau vinne viwe na urefu wa sentimita 12 kwenda juu, vya kuzuia macho kabisa. Meza tupu humpa ushindi mwenye mizinga kwenye zamu ya kwanza. Bomba la PVC la milimita 110, refu sentimita 30, likipakwa rangi ya tofali linakuwa dohani la Gécamines, kampuni ya madini, na hakuna mwana L'shi atakayeuliza ni nini. Frigoliti huyeyuka ikipulizwa rangi ya gari, kwa hiyo ipake kwanza tabaka mbili za gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na rangi ya maji. Mchanga wa vitako uwe wa mtoni, uliooshwa. Usichukue ule wa kilima cha mabaki ya madini, una metali zisizofaa kuvutwa puani wala kushikwa na watoto.

Rangi ya msingi pakaa kwa brashi, tabaka mbili nyembamba. Ukipuliza, fanya asubuhi ya kiangazi, Mei hadi Septemba, kwa umbali wa sentimita 25 hivi. Masika unyevu hugeuza rangi kuwa unga mweupe. Joto la Oktoba ndani ya gari lililofungwa hupinda panga za resini. Zichovye maji ya moto yasiyochemka kwa sekunde chache, zinyooshe, kisha zitie maji baridi. Kanuni chapisha kwenye karatasi katika duka la fotokopi, ili umeme ukikatika mchezo uendelee kwa taa.

Na kabla ya kufunga sanduku, pitisha brashi kavu laini kwenye kila kisanamu. Vumbi jekundu likikutana na jasho la vidole juu ya rangi nyeupe, halitoki tena bila maji ya vuguvugu na tone la sabuni.