Mzee Fundi Konde alikuwa mwanajeshi pia

Kila akitajwa mwanamuziki Mzee Fundi Konde watu wanakimbilia Tausi Ndege Wangu, mwengine atasema Majengo Siendi Tena, alafu basi, stori imeishia hapo, zilizopendwa. Sikatai, hizo nyimbo nimekua nazo na mpaka leo zikipigwa redioni naacha ninachofanya. Lakini kuna miaka ya huyu mzee ambayo haizungumzwi kabisa, ile aliyovaa kombati ya Keya (jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki) akapelekwa Asia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mimi nashikilia kwamba bila hiyo miaka huu muziki tunaoupenda haungekuja ulivyokuja.

Fundi Konde ni mtu wa kwetu Kilifi, Mgiriama, kazaliwa 1924. Mwaka 1944, kijana wa miaka ishirini tu, akaingia King's African Rifles, ndilo jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, akawekwa kwenye kikosi cha burudani. Kazi yao ilikuwa kuzunguka Ceylon (ndio Sri Lanka ya leo), India na Bama (Myanmar ya leo) wakiwapigia muziki askari wa Afrika Mashariki.

Sasa ukimwambia mtu "kikosi cha burudani" utamuona anatabasamu, anafikiria wenzao walikuwa wanakufa wao wako kwenye dansi. Huo ndio uonevu unaoniuma. Kwanza kufika huko tu ilikuwa ni kuiweka roho mkononi. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka Kilindini hapa hapa Mombasa kwenda Colombo, imejaa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na manesi, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives. Ilizama kwa kama dakika mbili. Watu karibu 1,300 wakapotea na bahari, wengi wao vijana wa huku kwetu. Kwa hiyo yeyote aliyepanda meli baada ya hapo, awe ameshika bunduki au gitaa, alijua anapita njia gani.

Na huko Bama kwenyewe usiseme. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipewa bonde la Kabaw kipindi cha masika ya huko, mvua haikatiki, matope mpaka magoti, magari yanakwama, chakula kinadondoshwa na ndege, na malaria na homa za msituni ziliwalaza watu vibaya sana. Walisukuma hivyo hivyo mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Disemba 1944, ndipo mainjinia wakafunga lile daraja la kuelea la karibu mita 350 jeshi likavuka.

Mimi napiga gitaa kidogo, naishi Mombasa, na najua hewa ya pwani inavyokula nyuzi. Ukiliacha gitaa karibu na dirisha wiki mbili tu nyuzi zinashika kutu, vidole vinatoka na rangi nyekundu, shingo inapinda, tuning haikai. Sasa chukua hilo gitaa la mbao na gundi ulitembeze kwenye mvua za Asia, nyuzi ikikatika hakuna duka, alafu jioni upande mbele ya mamia ya askari waliochoka, waliozika wenzao, uwachekeshe na uwaimbishe. Hiyo ni kazi ya jeshi kama kazi nyengine yoyote ya jeshi, na mtu asiniambie vyengine.

Halafu fikiria wasikilizaji wenyewe. Kulikuwa na Wakamba, Wajaluo, watu wa Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, kila mtu na lugha ya mama yake, lugha iliyowakusanya ni Kiswahili, tena kile cha kambini. Nikizisikiliza rekodi za Fundi Konde za baada ya vita naona mtu aliyejua kuimbia umati wa aina hiyo. Maneno machache, mepesi, yamepangwa vizuri, sauti mbili zinakwenda pamoja bila kusukumana, gitaa linatembea polepole chini yake. Mtu wa Kisumu anaelewa, wa Kampala anaelewa, wa Tanga naye anaelewa. Naamini kabisa hilo alilikomaza jeshini.

Vita vilipoisha 1945 wanamuziki wa hicho kikosi hawakutawanyika wote. Wengine, Wakenya na Waganda, waliendelea pamoja kama Rhino Band wakawa moto kweli kweli Kenya nzima, mpaka walipogawanyika 1948 na wengine wao wakaanzisha Kiko Kids. Fundi Konde naye akawa Nairobi, akapiga kwenye bendi ya Peter Colmore pamoja na Ally Sykes wa Dar es Salaam, ambaye pia alikuwa ametoka Bama. Anahesabiwa kati ya Wakenya wa kwanza kabisa kupiga gitaa la umeme.

Lakini serikali ya kikoloni iliwafanyia nini hawa watu? Wazungu waliotoka vitani walitafutiwa mashamba Kenya, mwafrika aliyetoka vita hivyo hivyo akarudi na kipande chake (kile kitambulisho cha mkoloni) mfukoni, na hata kule vitani mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa mzungu. Ndio maana mtu kama Waruhiu Itote alitoka Bama na baadae akaingia msituni na Mau Mau akawa Jenerali China. Mwengine alirudisha hasira, mwengine alirudisha gitaa, na wote walikuwa wamekula matope yale yale.

Mzee alifariki mwaka 2000. Nyimbo zake za 1947 mpaka 1956 zilikuwa zimekusanywa tena miaka ya tisini kwa hiyo angalau rekodi zipo, zitafuteni. Kinachonisumbua ni wale wenzake, wapiga ngoma, waimbaji, wachekeshaji wa kile kikosi ambao majina yao hayajulikani. Kama babu yako alikuwa Keya na alikuwa na picha ya kambini yenye mtu ameshika chombo chochote cha muziki, geuza nyuma uangalie kama kuna jina limeandikwa, alafu niandikie hapa chini.